Raba Zilizogeuka Vinyago

Siku za Krismasi mwaka 1921, katika kijiji cha kisiwani kwenye pwani ya magharibi ya Kanada, mtu aitwaye Dan Cranmer aligawa mali aliyoikusanya kwa miaka mingi. Orodha ya vitu alivyogawa imehifadhiwa, na mwenyewe alikuja kuisimulia baadaye. Kulikuwa na mitumbwi, boti za injini, meza za biliadi, cherehani, gramafoni, magitaa na fidla, vitanda, makabati, mabeseni, birika, vikombe, bangili, mamia ya mablanketi, na magunia kwa magunia ya unga. Haukupita muda serikali ikawashitaki watu 45 waliohudhuria. Kosa lao? Kucheza ngoma, kutoa hotuba, kupanga zawadi na kuzibeba kuwapelekea wageni.

Naanza na orodha hii kwa sababu nataka kuzungumzia raba za mpira wa kikapu.

Wanaofuatilia sanaa ya kisasa watakuwa wamekutana na picha za vinyago vya Brian Jungen, vile vilivyotengenezwa kwa Air Jordan. Nimesoma uhakiki mwingi juu ya kazi hizi na karibu wote unaimba wimbo mmoja: eti msanii amekutanisha vitu viwili visivyokutana, kinyago cha kale na bidhaa ya dukani, mila upande huu na biashara upande ule, na mshangao wetu unatokana na mgongano huo. Mimi sikubaliani. Ukisoma orodha ya Cranmer utaona kwamba kinyago na bidhaa ya dukani viliwahi kukaa nyumba moja kwa amani kabisa. Waliocheza na vinyago usiku ule ndio haohao waliopeana cherehani na gramafoni. Kilichovitenganisha kilikuwa sheria, polisi, na baadaye kabati la kioo. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuifuata hapa, maana bila hiyo zile raba zinabaki kichekesho kizuri tu.

Kwanza huyu Jungen ni nani. Alizaliwa mwaka 1970 huko Fort St. John, kaskazini mwa jimbo la British Columbia. Baba yake alikuwa na asili ya Uswisi, mama yake Mdane-zaa, mmoja wa Wenyeji wa eneo lile. Wazazi wote wawili walikufa akiwa bado mtoto mdogo. Alisoma sanaa Vancouver, akamaliza mwaka 1992, na mwaka 1998 akapata nafasi ya kukaa na kufanya kazi katika kituo cha sanaa cha Banff, milimani. Hapo ndipo kinyago cha kwanza kilipotoka.

Wazo lenyewe, kwa maelezo yake, lilitokana na safari ya New York. Aliona raba za Nike zimewekwa dukani ndani ya makabati ya kioo, taa zimeelekezwa kwake kwa ustadi, kama vile makumbusho yanavyoweka vinyago vya Wenyeji. Akaona pia rangi. Nyekundu, nyeusi na nyeupe za Air Jordan ni rangi za timu ya Chicago Bulls, lakini mtu aliyekulia British Columbia hawezi kuziona rangi hizo pamoja bila kukumbuka michoro ya watu wa pwani ile: Wahaida, Kwakwaka'wakw na majirani zao. Akanunua raba mpya kabisa, akazifumua, akaziunganisha upya.

Hebu tukitazame kinyago chenyewe. Ukiwa mbali unaona mdomo mkubwa uliopinda, macho ya duara, masikio, nywele ndefu zinazoning'inia. Na nywele ni nywele kweli, za binadamu. Ukisogea unaanza kutambua: kumbe hii ni soli, huu ni ulimi wa kiatu, hapa kuna mshono wa kiwandani, na yule mchezaji mdogo anayeruka na mpira, nembo ya Jordan, bado yupo palepale. Jungen hakuficha kitu. Hakupaka rangi kuziba alama. Kazi zote zina jina moja, *Prototype for New Understanding*, yaani mfano wa majaribio wa uelewa mpya, na zinatofautishwa kwa namba tu kama bidhaa zinazosubiri kuingizwa sokoni. Alianza mwaka 1998 na kumaliza mwaka 2005 vilipotimia vinyago 23. Mpenzi yeyote wa mpira wa kikapu anajua 23 ni jezi ya nani.

Nilimwonyesha picha hizi rafiki yangu anayeuza viatu vya mtumba, mtu ambaye anaweza kuishika raba na kukwambia imetoka mwaka gani. Hakuguswa na mambo ya sanaa. Alikuza picha kwenye simu akaanza kuhesabu visigino. "Huyu ameua jozi kadhaa hapa," akasema. Kisha akauliza swali ambalo sikulikuta kwenye uhakiki wowote: "Sasa huyu anamvalisha nani?"

Swali zuri kuliko alivyodhani. Hakuna anayekivaa. Raba iliyotengenezwa ili mtu arukie, na kinyago ambacho asili yake ni kuchezwa usiku penye moto na ngoma, vimeungana kuwa kitu kisichorukiwa wala kuchezwa. Kimesimama kwenye chuma chembamba ndani ya kioo. Ni kweli kwamba wengi wanaonunua Air Jordan leo hawazivai, wanazihifadhi kwenye maboksi wakisubiri bei ipande. Lakini kwa upande wa vinyago, kusimama huko kuna historia yenye majeraha, na hapa lazima turudi kwa Cranmer.

Karamu aliyoifanya inaitwa potlatch. Kwa watu wa pwani ile, mambo yote makubwa yalipitia humo: ndoa, kurithi cheo, msiba, kupewa jina. Mwenye karamu anaonyesha ngoma na vinyago ambavyo ukoo wake una haki navyo, kisha anawagawia wageni mali. Kupokea zawadi ni kukubali kuwa shahidi. Yaani lile beseni au lile gunia la unga lilikuwa sahihi ya mkataba, kwa jamii ambayo haikuwa inaandika mikataba. Mtu mkubwa alijulikana kwa alichokitoa.

Unaweza kufikiria wamisionari na maofisa wa serikali walivyoliona jambo hili. Mtu anafanya kazi miaka, anakusanya, halafu anagawa vyote kwa siku chache! Kwao huo ulikuwa wazimu, adui wa maendeleo na akiba. Bunge la Kanada likapitisha marufuku mwaka 1884, ikaanza kutumika mwaka 1885, na haikuondolewa hadi 1951. Miaka 66. Watoto walizaliwa, wakazeeka, chini ya sheria inayosema ni kosa la jinai kugawa vikombe huku umevaa kinyago.

Kwa muda mrefu watu walifanya kwa kujificha, visiwani, wakati wa baridi ambapo polisi hawafiki kirahisi. Karamu ya Cranmer ilifanyika hivyo. Lakini habari zikavuja, na wakala wa serikali wa eneo lile, William Halliday, akaona nafasi ya kuumaliza mchezo. Washitakiwa wakapewa chaguo: jamii itakayosalimisha vinyago vyake vyote, ngao za shaba, manyanga na mavazi ya ngoma, watu wake hawatafungwa. Wengine walikubali kwa uchungu. Wengine walikataa, na watu wapatao 20, wanaume kwa wanawake, wakaenda gerezani Oakalla, karibu na Vancouver.

Vitu vilivyosalimishwa vilikuwa mamia. Vilipangwa kwenye mabenchi katika ukumbi wa kanisa pale Alert Bay, vikapigwa picha, na picha hizo zipo hadi leo. Mimi zinaniumiza kuliko picha za vita. Vinyago vimejaa benchi hadi benchi, vimeegemezwa ukutani, kama mzigo wa mtumba uliofunguliwa asubuhi ukisubiri wanunuzi.

Na mnunuzi alifika. George Heye, tajiri wa New York aliyekuwa akikusanya vitu vya Wenyeji wa Amerika kwa pupa isiyo ya kawaida, alinunua zaidi ya 30 kabla havijafungwa. Vingine vikaenda makumbusho ya Ottawa na Toronto. Kimoja, kilemba cha ngoma, kilizunguka mikononi mwa watu hadi kikaishia Paris kwenye chumba cha kazi cha mshairi André Breton, kiongozi wa wale wasurealisti. Hapa napenda kusimama kidogo. Breton na wenzake ndio waliotufundisha kwamba kitu cha kawaida, ukikiokota na kukiweka mahali pengine, kinakuwa sanaa. Marcel Duchamp alikuwa ameshaonyesha njia mwaka 1917 kwa bakuli la kukojolea, na Picasso mwaka 1942 akaunganisha kiti na usukani wa baiskeli kupata kichwa cha fahali. Ndiyo ukoo ambao wahakiki humtia Jungen ndani yake, na ni sawa, anastahili kuwemo. Ila sikuona wengi wakiuliza vile vitu vya mbali vilivyowaloga wasurealisti viliokotwaje. Kile cha Breton kilitoka kwenye yale mabenchi ya Alert Bay. Binti yake, Aube, alikirudisha kwa wenyewe mwaka 2003, na kwa hilo apewe heshima yake.

Sasa ukirudi kwa zile raba unaona kwamba utani wa Jungen una meno. Anachukua kitu cha thamani, anakifumua, anakiondolea kazi yake, anakiweka kwenye kioo na kukipa namba. Ndivyo vinyago vya 1921 vilivyofanywa, tofauti ni kwamba safari hii aliyefanyiwa hivyo ni kampuni kubwa ya viatu na aliyefanya ni Mwenyeji. Na alilipa bei ya dukani kwa kila jozi, jambo ambalo Halliday hakulifanya.

Kuna kitu kingine vinafanana, nacho kilinichukua muda kukiona. Ukienda makumbusho za zamani, kibao chini ya kinyago hutaja kabila na mwaka, na jina la aliyekikusanya. Jina la mchongaji halimo. Ukichukua Air Jordan, jina lililopo ni la mchezaji na la kampuni. Aliyeshona hayumo. Mwaka huohuo wa 1998, mwezi Mei, mkuu wa Nike, Phil Knight, alisimama mbele ya waandishi wa habari Washington akakiri kwamba bidhaa zao zimekuwa jina lingine la mishahara ya kitumwa na ovataimu za lazima, akaahidi mabadiliko katika viwanda vya Asia. Kwa hiyo Jungen alipokuwa akifumua mishono pale Banff, alikuwa akifumua kazi ya mikono ya watu ambao majina yao hayajaandikwa popote. Sisemi kwamba alikusudia yote haya. Lakini mishono aliiacha ionekane, na alijua inatoka wapi.

Lipo swali gumu zaidi, na mashabiki wake hulikwepa: sanaa hii ni ya nani? Wadane-zaa, watu wa mama yake, ni wawindaji wa bara, upande wa pili wa milima. Hawana vinyago vya mtindo huu. Mtindo ule una wenyewe, tena kila kinyago kina ukoo wake na haki yake. Mtu hajiamulii tu kucheza na kinyago cha kunguru kwa sababu kinapendeza. Je, Jungen hakufanya kilekile anachowasuta wengine, yaani kuchukua cha watu?

Nimelifikiria sana na sina jibu la mkato. Nitasema nilichokiona. Vinyago vyake havinakili kinyago chochote cha ukoo fulani. Vinafanana na vyote na si chochote kati yavyo, kama vile vibakuli na fulana zinazouzwa viwanja vya ndege Vancouver zikiwa na michoro "ya Wenyeji" isiyo ya mtu yeyote. Huyo ndiye mnyama anayemwinda. Vinyago vilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1999 katika jumba la sanaa la Charles H. Scott, Vancouver, kuta zilikuwa na michoro mikubwa iliyotokana na watu wa mitaani walioombwa wachore wanachodhani ni sanaa ya Wenyeji. Yaani ukiwa mle ndani umezungukwa na kumbukumbu za kukariri, na katikati zimesimama raba zinazojifanya vinyago. Naona ni utetezi wa maana. Kama unamtosheleza mzee wa Kwakwaka'wakw ambaye babu yake alifungwa Oakalla, hilo ni la huyo mzee kusema. Mimi nasoma nikiwa mbali.

Nikiwa mbali, ndiyo, lakini si mbali sana na vitu vyenyewe. Baada ya raba alichukua kiti ambacho msomaji wangu huenda amekikalia leo: kile cha plastiki nyeupe, kinachopangwa juu ya kingine, kinachokodishwa kwa harusi na misiba, kinachovunjika mguu na kufungwa waya. Mwaka 2000 alivikatakata viti hivyo akaunda mifupa ya nyangumi, *Shapeshifter*, zaidi ya mita 6. Mwaka 2002 akatengeneza mwingine, *Cetology*, zaidi ya mita 12, na mwaka uliofuata wa tatu. Vinaning'inizwa darini kama mifupa kwenye makumbusho ya viumbe. Mgongo wa kiti unakuwa ubavu, mguu unakuwa taya, na matundu ya mgongo yanaonekana bado. Kwangu hizi ndizo kazi zake bora. Raba zina ujanja, na ujanja unachosha ukiuzoea. Nyangumi wa viti sijamchoka. Labda ni kwa sababu kiti kile hakuna anayekitamani. Hakina nembo, hakina foleni ya wanunuzi, na plastiki yake imetokana na mafuta yaliyochukua nafasi ya mafuta ya nyangumi kwenye taa za dunia. Halafu ni kiti cha kukusanyika. Ukiviona vingi pamoja unajua kuna watu wamekufa au wameoana.

Baadaye alitengeneza nguzo ndefu kwa mifuko ya gofu, mfano wa zile nguzo za kuchongwa za pwani. Nazipita haraka, ingawa Mkanada hawezi kuzitazama bila kukumbuka mwaka 1990, mji wa Oka ulipotaka kupanua uwanja wa gofu kwenye ardhi yenye makaburi ya Wamohawk, na mgogoro ukadumu siku 78 hadi jeshi likaitwa. Nike nao hawakulala: mwaka 2007 walitoa kiatu maalumu kwa Wenyeji wa Amerika, Air Native N7. Biashara ina koo pana.

Jambo lililonifanya nikae kuandika haya ni maonyesho ya mwaka 2009. Kazi za Jungen, raba na nyangumi pamoja, ziliwekwa Washington katika Makumbusho ya Taifa ya Mhindi wa Amerika, chini ya jina *Strange Comfort*, yaani faraja ya ajabu. Sasa fuatilia ukoo wa makumbusho hayo. Mkusanyo uliokuwa msingi wake, mamia ya maelfu ya vitu, ni wa George Heye. Yuleyule. Serikali ya Marekani iliuchukua mwaka 1989, na jengo la Washington likafunguliwa 2004. Kwa hiyo vinyago vya raba, vilivyozaliwa kwa kutazama kabati la kioo, viliishia kuonyeshwa na taasisi iliyorithi hazina ya mtu aliyenunua vinyago vilivyonyang'anywa kwa sheria. Sijui kama waandaaji walicheka au walinyamaza. Taasisi hiyo yenyewe ilikuwa imeshaanza kurudisha sehemu ya vitu vya 1921 tangu miaka ya 1990.

Kurudisha si jambo jepesi. Sisi tunajua: kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilikaa kwenye mkusanyo wa Barbier-Mueller mjini Geneva hadi 2010 ndipo kikarudi, na hicho kilikuwa kitu kilichoibwa waziwazi, bila sheria ya kujificha nyuma yake. Kwa watu wa Alert Bay na Cape Mudge kazi ilikuwa kubwa zaidi. Wajerumani hawakuwepo, wakoloni wa mbali hawakuwepo. Mnyang'anyi alikuwa serikali yao wenyewe, na stakabadhi zilikuwepo. Ottawa ilikubali kurudisha kwa sharti kwamba wajenge makumbusho kwanza. Vinyago viweze kurudi nyumbani, mradi nyumbani pawe makumbusho! Wakajenga. Cape Mudge ilifunguliwa 1979, na U'mista, pale Alert Bay, 1980.

Pale U'mista walifanya uamuzi mmoja ambao naufikiria kila nikiona picha za zile raba. Mkusanyo wa potlatch umewekwa wazi. Vinyago vimepangwa kuzunguka ukumbi kwa mfuatano unaokaribiana na ule wa kuingia kwao kwenye ngoma, na hakuna kioo mbele yake. Wenyewe walisema vimefungiwa muda mrefu vya kutosha.